Mashini ya Marehemu kwenye Njia ya Pinga

Kwa mwaka mzima na zaidi, mimi mwenye diploma ya umekanika, diploma niliyoisotea miaka minne kwenye shule ya jioni ya Goma nikiwa na viatu viwili visivyofanana, niliamini kwamba upande wa Pinga kuna mashini ya kusaga inayoendeshwa na watu waliokufa. Sikuamini nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba maji huteremka. Nilisimulia kwenye mikutano. Niliandika kwenye ripoti, na ripoti ikapigwa muhuri.

Habari zilisema hivi. Unabeba mahindi yako hadi kwenye kibanda cha mawe kando ya mto. Unaacha mfuko kwenye jiwe bapa chini ya tundu la ukuta, umeufunga kwa uzi wa rangi yako ili usipotee. Unarudi ng'ambo kwa gogo lililolazwa juu ya maji, unakaa chini, unageuza mgongo. Usitazame. Mngurumo unaanza. Mngurumo ukinyamaza unavuka tena, unakuta unga, bado una joto, umepungua kopo moja, ndiyo malipo yao. Hakuna moshi, hakuna harufu ya mazutu, ile dizeli ya injini, hakuna mtu. Walioenda walisema wanaosaga ni wale waliokimbia vita wasirudi tena nyumbani, na kwamba wanasaga kwa sababu walikufa na njaa.

Sasa nimestaafu, na ninyi mnaorithi madaftari yangu (ukiyapanga moja juu ya jingine yanagusa mawingu ya Mushaki) mmetaka kujua kwa nini ukurasa mmoja umechanwa. Mama Kavira, ambaye mtamfahamu hapa mbele, ameniruhusu kueleza. Kibanda kile kimebomolewa zamani na mto umechukua gogo, kwa hiyo hakuna atakayeumia. Lakini lazima nianze na siku ya kwanza, bila hivyo hamtaelewa jinsi mtu aliyesoma anavyoweza kuwa mjinga kiasi kile.

Aliyenichukua kazini ni Papa Sylvestre, mzee mwembamba wa Masisi ambaye hakuwahi kupandisha sauti, hata siku risasi zilipotoboa bati la ofisi. Aliniambia shirika lake linasaidia wenye biashara ndogo na za kati, wapika fromaji, yaani jibini, waoka mikate, wachoma matofali, wenye mashini za kusaga, kupunguza kaboni. Nikasema naam, najua. Shuleni kaboni ilikuwa ile karatasi nyeusi ya kunakili barua. Wiki yangu ya kwanza nilimwendea mfanyabiashara mmoja wa Butembo, Mkatoliki aliyetundika rozari kwenye mzani wake wa dukani, nikamwamuru apunguze karatasi za kaboni kwa faida ya dunia nzima. Aliniuliza kwa upole kama Baba Mtakatifu amezikataza.

Papa Sylvestre alipopata habari hakucheka. Alinipeleka nyuma ya ofisi, penye tanuri la mikate la jirani, akanyoosha kidole juu.

"Kaboni iko mu moshi, si mu karatasi. Kuni unaunguza, mazutu unaunguza, njo inapanda kule. Weye kazi yako ni moja: tafuta kitu yenye inaungua bure."

Hayo ndiyo masomo yote aliyonipa kwa maneno. Mengine alinipa kwa vyombo. Alinipa mzani wa kuning'iniza, mzito kama ndama, wa kupima kuni kabla ya kazi na kupima zilizobaki. Alinipa kipimajoto ndani ya kipande cha mwanzi ili kisivunjike. Na alinipa kitambaa cheupe. Unakishika mbele ya bomba la mashini, unahesabu polepole hadi ishirini, unakitazama. Kikiwa cheusi, mazutu inatoka bila kufanya kazi. Nilivishika vitambaa vingi hivyo hata watu wakaniita Papa Moshi, na mke wangu akakataa kufua.

Karuba ndiko nilikojifunza kwamba moshi si kitu cha hesabu tu. Kulikuwa na nyumba ya fromaji kule, sufuria kubwa kama bafu juu ya mawe matatu, kuni mbichi, moto ukilamba pande zote isipokuwa chini. Tulifanya mambo ya kawaida. Tulijenga jiko la udongo lenye mlango, tukafunika sufuria, tukaweka kuni chini ya paa mwezi mzima zikauke kabla ya kuchomwa. Msikimbilie vyombo vya bei kali, vijana. Mfuniko na kuni kavu vitafanya nusu ya kazi yenu, na nusu ya pili ni kumshawishi mpishi asiuondoe mfuniko kila dakika kuchungulia. Baada ya hapo moshi ulikuwa mwembamba kama uzi wa buibui. Siku nyingine hukuuona kabisa.

Siku ya nne walitokea watu wa kilima cha pili, kundi zima, kimya, na majembe mabegani. Walisimama mlangoni wakitutazama tunakula maziwa ya mgando. Hakuna aliyesalimu. Mwisho mama mmoja alianza kulia, akasema walikuwa wamekuja kutuzika. Katika miaka ile kila mtu aliamka, akatazama vilima, akahesabu moshi. Moshi mweupe asubuhi ni watu wanapika. Moshi mweusi mwingi ni kijiji kinaungua. Kilima kisicho na moshi, hakuna tena mtu pale. Sisi tulikuwa tumezima moshi wetu, tukawa marehemu machoni pa wenzetu bila kujua. Tangu siku ile, kabla ya kubadilisha jiko lolote, nilikwenda kwanza kwa majirani wa ng'ambo kuwaambia: mtaacha kutuona, lakini tupo.

Kutoka vilima vya Masisi tulishuka kwenye misitu ya Walikale, na huko ndiko nilikokutana na Mama Kavira. Yeye na mume wake Muhindo walitoka upande wa Butembo, wakafungua mashini ya kusaga kwenye kijiji kimoja ambacho sitakitaja, kwenye njia ya Pinga, njia ambayo pikipiki hupita ikiwa imekubali yenyewe. Ilikuwa mashini pekee kwa mwendo wa siku nzima. Mama Kavira alisimamia wateja. Muhindo alikuwa mekanisia, na nawaambia bila kuongeza chumvi, mtu yule angeweza kuwasha injini iliyokwisha kuzikwa. Kasoro moja ya mashini ilikuwa chujio la unga. Lilikuwa na tundu lililopanuka upande wa kushoto, kwa hiyo kila mfuko ulitoka na chenga ndogo za mahindi, kubwa kama kucha za mtoto. Kijiji kilizizoea. Walisema bugali isiyo na chenga haishibishi.

Kitambaa changu kilitoka pale cheusi kama kanzu ya padri. Tulinyoosha mkanda, tukasafisha chujio la hewa, na kubwa zaidi, tulibadilisha desturi. Zamani injini iliwashwa alfajiri na kunguruma ikingoja wateja. Tukasema mifuko ikusanywe kwanza, ipangwe foleni, ndipo Muhindo awashe, asage yote, azime. Pipa moja la mazutu likaanza kudumu muda uliohitaji mapipa mawili. Ninyi mtaandika hiyo ni kaboni iliyopunguzwa. Mama Kavira aliiita kitu kingine. Alisema ni mara moja tu kwa mwezi ya kuogopa, badala ya mara mbili.

Kwa sababu mazutu ina harufu, na harufu ile ilitangulia pikipiki. Pipa likifika kijijini, watu wa silaha walifika baada yake. Walikuja mara ya kwanza, wakachukua mazutu. Wakaja mara ya pili, wakachukua mazutu na mahindi. Mara ya tatu walimchukua Muhindo mwenyewe, maana walikuwa na magari mabovu na walisikia sifa zake. Siku mbili baadaye habari zilirudi kwamba alijitupa mtoni wakati wa kuvuka. Sandali moja ilionekana imekwama kwenye matete. Maiti haikupatikana. Watu wa kijiji walifanya kilio juu ya mkeka mtupu, jina lake likasomwa kwenye misa, nami nilikuwepo, nililia kuliko ndugu zake.

Niliporudi baada ya miezi kadhaa, injini haikuwepo. Kwenye sakafu zilibaki bolti nne na alama ya mafuta. Hata kichwa cha kusagia, lile pipa la chuma lenye chujio, hakikuwepo. Mama Kavira alisema ameuza. Nilimuuliza watu wanasaga wapi, maana Pinga ni mbali na njiani kulikuwa na vizuizi ambavyo mwanamke hapiti bure. Akafunga kitenge chake upya, akatazama msitu.

"Kule juu ku mto. Beko banasaga."

"Nani hao wanasaga, Mama?"

"Usiulize ni nani. Lete tu mahindi yako."

Ndiyo mara ya kwanza nilisikia. Baada ya hapo niliisikia kila mahali, hadi Ngungu, ambako waliongeza kwamba wafu wale wanaimba kwa Kilatini. Jambo lililonishangaza ni kwamba watu wa silaha nao waliamini. Walipita mbali na bonde lile. Wanaume wenye bunduki mbili kila mmoja walizunguka kilima kizima, nusu siku ya matope, ili wasisikie mngurumo.

Mimi kazi yangu ilikuwa kupima mashini. Papa Sylvestre alitaka kujua ni biashara gani zinafanya kazi bila mazutu, kwa sababu wenye mashini wengine kumi walikuwa wakituuliza wafanye nini na mapipa yanayowaitia wauaji. Kwa hiyo nilimwomba Mama Kavira anipeleke. Alikataa mara tatu. Mara ya nne akakubali, kwa sharti nikae ng'ambo kama wengine na nigeuze mgongo.

Tulifika saa sita mchana, lakini kwa ukungu ule ungesema jua limesahau njia. Bonde lilikuwa shamba la zamani la mzungu fulani. Michai imekuwa miti, na kati yake mfereji wa mawe ulioliwa na kuvu. Kibanda hakikuwa na dirisha, lile tundu tu, upana wa mfuko. Ndege hawakulia. Kwenye jiwe bapa mifuko sita ilisimama, uzi mwekundu, uzi wa buluu, kipande cha kitenge, na karibu yake hapakuwa na mtu. Kwenye mawe yaliyolowa niliona nyayo za mtu peku, nyeupe kabisa, zikitoka ukutani hatua tatu, kisha zikirudi ndani.

Tulivuka tena gogo. Tukakaa. Mngurumo ukaanza, si wa injini, ni wa chini zaidi, kama mtu anayevuta pumzi ndefu bila kuitoa. Ardhi ilitetemeka kwenye makalio yangu. Pale walikaa wanawake wanane hivi. Mmoja alikuwa akisema majina polepole, mume, kaka, mtoto, kama mtu anayeita watu waje kula.

Nilivumilia mpaka hamu ya kupima ikanishinda. Nilisimama, nikavuka gogo nyuma ya mgongo wa Mama Kavira bila kutoa pumzi, nikafika kwenye tundu na kitambaa changu. Nikakishika pale, nikahesabu hadi ishirini. Kilibaki cheupe. Kisha mkono ukatoka.

Ulikuwa mkono wa mwanamume. Ulikuwa mweupe kuanzia kucha hadi kiwikoni, si mweupe wa mzungu, mweupe wa kitu kisicho na damu. Ulishika mfuko wenye uzi wa buluu, ukauvuta ndani polepole. Nikataka kukimbia, lakini diploma ilinizuia. Nikafungua daftari. Nikasema kwa heshima, maana marehemu naye ni mtu wa watu, "Papa, samahani, munatumia lita ngapi kwa siku?"

Mngurumo uliendelea. Mkono ukarudi, ukakaa hewani, kisha ukakunja vidole, duara tupu. Nikaandika sifuri.

Wakati wa kurudi nilionja unga wa mfuko mmoja. Ulikuwa na chenga, kubwa kama kucha za mtoto. Nikamwambia Mama Kavira kwamba sasa nimeelewa: wafu ndio walionunua mashini yake. Akasema ndiyo, walilipa vizuri. Ninyi mnacheka. Mimi nilimpa pole.

Ripoti niliandika daftarini kwa mwandiko wangu bora. Mafuta: hakuna. Moshi: hakuna. Mwendeshaji: marehemu, mmoja, labda wawili. Papa Sylvestre aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kama nilikula uyoga. Nikaapa. Aliipiga muhuri kwa desturi, akafungia daftari kwenye droo, akaniambia niendelee na matanuri ya mikate. Lakini mimi mdomo wangu haujawahi kuwa na droo. Nilisimulia kwa mwenzangu, mwenzangu kwa mgeni, na mgeni akawaandikia wakubwa wa mbali. Wakubwa hawakujali wafu. Walisoma maneno mawili: mafuta hakuna. Mashini ya kusaga katikati ya vita, bila tone la mazutu! Walitaka kuja kuipiga picha na kuweka mahali pake kwenye ramani, kwa chombo kile kinachoonyesha hadi hatua moja, ili dunia nzima ione na kujifunza. Mwongozaji ningekuwa mimi. Nilinunua koti.

Mama Kavira alisikia habari hizo sokoni. Alitembea siku mbili kuja Masisi, akafika asubuhi wageni wakiwa bado wanakunywa chai, gari likinguruma nje bila sababu, nami nikilikemea kwa kupoteza mazutu. Matope yalimfika magotini. Aliniita pembeni, nyuma ya lile tanuri la jirani.

Alisema nisiwapeleke. Nilimweleza kwa subira ya mwalimu: wamama kumi wenye mashini wanangoja kujua njia hii, mazutu inawaletea kifo, na ramani haiwezi kumdhuru mtu aliyekwisha kufa. Akauliza kama ni kweli ramani ile hata watu wa silaha wanaweza kuiona. Nikasema kila mtu mwenye simu ataiona, hiyo ndiyo sifa yake. Akakaa chini juu ya kuni.

Nitawaambia nilichofanya, kisha alichosema, maana alichosema ndicho kilichonifanya nifanye. Niliwaendea wageni nikawaambia gogo limechukuliwa na mto na bonde halipitiki kwa mwezi mzima. Niliwapeleka Karuba, wakapiga picha jiko la udongo, mfuniko na ng'ombe mmoja aliyependa kamera. Papa Sylvestre alinipa ufunguo wa droo bila kuuliza neno. Nilichana ukurasa, nikauchoma kwenye tanuri la mikate, na hiyo ndiyo kaboni pekee niliyowahi kuitoa kwa makusudi. Nikachora mfereji, gurudumu la mbao na mkanda kwenye karatasi mpya isiyo na jina la mto wala la mtu, tukawapa wale wamama kumi. Waliokuwa na maji ya kuanguka walijenga. Wengine tuliwatafutia njia nyingine.

Lakini kabla ya hayo yote nilikuwa nimesimama nyuma ya tanuri na koti langu jipya, nikimwambia kwamba niliona mkono ule kwa macho yangu mawili, mweupe, bila damu, na kwamba mtu wa sayansi hakatai alichokiona. Mama Kavira alingoja nimalize. Kisha akasema taratibu, kama anavyosomewa mtoto herufi:

"Papa Moshi, sikiya. Mufu haiko pale. Ni Muhindo, bwana yangu. Alivuka mutoni muzima, na kama banajua iko muzima batakuya kumukamata tena. Mashini inazungushwa na maji. Na ile nyeupe uliona ku mukono, ni unga."